Mstari wa Gari Lisilokuwapo

Jumanne, Hamilton, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Balwinder anapiga simu kutoka gereji yake ya mtaa wa Barton:
"Nina gari hapa juu ya jeki,
na kitabu chako kinasema halijazaliwa."

Natafuta. Mwaka, kampuni, modeli, injini:
milango minne, na hata wa kwanza haufunguki.
Lakini gari lipo. Lina kiti cha mtoto, makombo ya biskuti, deni la benki.
Lina miezi mitatu tu na limeshakula chumvi nyingi;
huku chumvi humwagwa barabarani kwa malori,
haiulizi chuma kina umri gani.

Limeingia shimoni. Mkono wa gurudumu la mbele, kushoto, umepinda.
Mkono upi? Wa kabla ya Septemba ni wa chuma,
wa baada ya Septemba ni wa alumini,
na tundu la bolti limesogea milimita nne.
Milimita nne: unene wa sarafu mbili,
umbali kati ya muuguzi Ottilie
na wagonjwa wake sita kule juu, kwenye kilima
ambacho watu wa hapa, kwa majivuno, hukiita mlima.

Habari hizo ninazo. Ndiyo aibu yangu.
Kiwanda kilinitumia tangu Oktoba,
nikazisoma, nikazihakiki, nikazilaza foleni,
maana kitabu chetu hutoka mara nne kwa mwaka.
"Toleo lijalo ni Machi," nasema.
Balwinder hanijibu. Nasikia spana ikiwekwa chini, taratibu,
kama ya mtu anayejizuia kuitupa.
Basi namsomea namba kinyume cha kanuni,
tarakimu moja moja, kwa kunong'ona.

Baba yangu aliuza vipuri Morogoro.
Mtu alileta kipande kilichovunjika, kimefungwa gazetini;
baba alikipima kwa kiganja, akafumba macho:
"Hiki ni cha lile lori la bluu la watu wa mkonge. Njoo saa kumi."
Toleo lake lilitoka kila alipofumbua macho.

Mkutanoni Fergus, mkuu wetu, anakuna ndevu,
anasema kwa lugha yake kile ambacho kwetu ni
haraka haraka haina baraka.
Nami moyoni: ngoja ngoja huumiza matumbo.
Hata wahenga walitoa matoleo mawili
na hawakusema lipi limefuta jingine.

Tukabishana hadi theluji ikawa tope.
Sasa tunatoa kila usiku, saa tano na nusu.
Usiku wa kwanza nilibonyeza, nikasimama,
kana kwamba kuna kitu kingelia.
Feni ya kompyuta. Mbwa wa jirani. Basi.
Asubuhi, kaunta za Halifax hadi Vancouver
zilikuwa zinalijua gari.

Usiku wa tisa nikaandika kulia badala ya kushoto.
Kosa nalo halikusubiri Machi.
Lilifika kabla ya chai, maduka arobaini na moja,
mikono ya kulia ikitolewa maboksini
kwa magari yaliyolemaa kushoto.
Fergus hakusema kitu; alivuta kiti, akaketi pembeni yangu.
Tukasahihisha. Sahihisho likatoka usiku uleule.
Zamani kosa langu lingeishi miezi mitatu,
lingeoa, lingezaa.

Leo natembea kwenda kituo cha basi.
Trela linapita, limebeba magari manane
yaliyofunikwa nyuso kwa plastiki nyeupe,
umbo ambalo sijaliona popote.
Nasimama kwenye tope la theluji, natoa kalamu,
naandika kiganjani: milango mitano, taa nyembamba, mwaka?
Basi linaniacha.