Ipo, Haipo

Dereva haoni taa zake za breki.
Nililijua hili Jumanne, kwenye mteremko wa Chiatura,
Nugzar mwokamikate aliposhuka garini mwake
uso mweupe, na safari hii si kwa unga,
akanigongea kioo: "Dada, unasimama bila kuaga."

Miaka sita naendesha Zhiguli ya baba,
ya mwaka themanini na nne, rangi ya haradali iliyokauka.
Ni wangapi nyuma yangu wamekanyaga breki kwa kubahatisha?

Nilianza na mepesi.
Fyuzi: nzima, uzi wake haujakatika.
Balbu: mbili, na mbili hazifi siku moja
ila kwa mapatano. Nikanunua mpya. Giza lilelile.
Kichwa chini ya dashibodi, miguu juu ya kiti,
nikaipapasa swichi, kidude cha ukubwa wa kidole gumba
kinachoamshwa na pedali. Nikairuka kwa kipande cha waya,
nikazunguka nyuma kutazama:
giza. Basi kosa si lake.
Nilikuwa nimeshaitukana.

Halafu jioni, narudi kinyumenyume gereji,
ukuta ukawa mwekundu.
Kufumba na kufumbua, ukuta ukawa ukuta.

Taa iliyokufa utaitafuta peke yako.
Taa inayokufa ikafufuka inataka watu wawili,
mmoja wa kukanyaga, mmoja wa kusema.
Mimi nilikuwa na ufagio.
Nikaukaza mpini kati ya kiti na pedali,
ukateleza, nikaukaza, ukateleza,
ukanipiga kidevuni.

Guram alikuwa ametoka kumwaga majivu ya jiko.
Kaka yangu. Mlango wake unatazamana na wangu,
na hatujasemezana tangu shamba la mizabibu liuzwe,
lile la Sachkhere, kwa bei nisiyotaka kuitaja.
Akautazama ufagio. Akaweka ndoo chini.
Akaja kusimama nyuma ya gari, mikono mifukoni.

Nikakanyaga.
"Haipo."
Nikaachia, nikakanyaga.
"Haipo."
"Ipo."
"Haipo."
Miaka mitatu, na hayo ndiyo mazungumzo yetu.

"Washa taa za usiku," akasema. "Sasa kanyaga."
Kimya.
"Indiketa inakonyeza."
Kisha, kama anayetaja jina la mtu wa ukoo:
"Ethi."

Umeme ukikosa njia ya kurudi kwao
hupitia kwa jirani,
huwasha taa isiyo yake, kidogo, kwa aibu.

Akafungua buti. Akatoa tairi la akiba,
gunia la jozi, koti la mvua nililodhani limeibiwa.
Nyuma ya taa ya kushoto, waya mmoja mweusi,
skrubu yake imeliwa na kutu,
na juu ya kutu vumbi la manganizi,
lile linaloingia hapa kwetu hata ndani ya mkate.
Alisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa.
Nilimshikia tochi. Amekonda.

"Kanyaga."
Nikakanyaga.
"Ipo."
"Zote mbili?"
"Zote mbili."
Sikuachia upesi. Kwenye kioo
suruali yake ilikuwa nyekundu hadi magotini.

"Balbu ulinunua lari ngapi?"
"Kumi na mbili."
"Wamekuibia," akasema,
akachukua ndoo yake, akaingia ndani.

Asubuhi yake nikashuka kwenda kazini,
gari lake nyuma yangu, kwa umbali wa mtu anayejizuia.
Kwenye daraja la Kvirila hapakuwa na gari mbele,
hapakuwa na mtoto, hata ng'ombe.
Nikakanyaga breki.

Akapiga honi. Mara moja, fupi.