Ekzosi ya Tatu

Imrich amezilaza juu ya turubai, ekzosi tatu,
kama tarumbeta za bendi iliyofiwa na wapigaji.
Nje, Žilina inayeyusha theluji yake ya mwisho,
bati linadondosha, tone, tone,
nami nina mshahara wa miezi miwili kwenye bahasha
na kichwa kisichokata shauri.

Ya kwanza ni titani.
Naiinua kwa vidole viwili.
Penye mchomeleo imegeuka zambarau,
kama petroli iliyomwagika dimbwini.
"Hii," asema Imrich, "ndege wa Terchová watahama
kabla hujamaliza kupanda mlima."
Bei yake naisoma mara mbili,
kisha nairudisha polepole
kama mtoto wa mtu mwingine.

Ya pili ni chuma cha pua, bomba moja kwa moja,
haina sailensa, haina haya.
Debe tupu haliachi kuvuma,
na hili linauzwa kwa sababu linavuma.
Ningekuwa na miaka ishirini, ningelipa bila kuuliza.
Sasa nauliza.
Nauliza ule mvumo wa mizunguko elfu tatu
unaokukaa nyuma ya macho kutoka hapa hadi Brno.
Nauliza desibeli zilizoandikwa kwenye kadi ya gari.
Namuuliza, kimoyomoyo, Bi Bezáková wa ghorofa ya pili,
muuguzi wa zamu ya usiku, anayelala saa mbili asubuhi,
dirisha lake juu kabisa ya ninapoegesha.
Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi:
mlango, sawa,
lakini mlango hauna silinda nne na tabo.

Ya tatu imenenepa katikati, sailensa mbili.
Imrich anaiita ya kasisi, anacheka peke yake.

Baba ameketi juu ya tairi kuukuu.
Miaka thelathini na moja kwenye mashine ya kufinyangia milango ya magari
ilimla masikio, la kushoto kwanza.
Ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini.
Jambo hilo hatulitaji.

Tunazijaribu, boliti mbili mbili tu.
Bomba tupu: mbwa wa jirani, vioo, spana ukutani,
vyote vinaitikia.
Baba anaitazama mikono yake.
"Vipi?" nauliza kwa midomo.
"Kila kitu kinatetemeka," asema. "Sijui hata injini ni ipi."

Ya tatu. Kiganja kwenye boneti,
kingine, ndani ya glavu, kwenye mkia wa bomba.
Anafumba macho. Nakanyaga hadi elfu nne, natoa mguu,
na sauti inashuka
kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema kweli.
"Silinda ya tatu!" baba apaza, kwa ukali wa wasiojisikia.
"Inachelewa. Tazama plagi."

Imrich anaifungua.
Plagi nyeusi, kama kiatu cha harusi.
Hacheki tena.

Ile titani bado naiwaza, sitakudanganya.
Jana usiku nilikuwa nyuma ya gari la maziwa,
likanipita wazo lake, zambarau lile.
Lakini barabara ya Terchová ilipofunguka
baba alikuwa amevua viatu na soksi,
nyayo zake sakafuni, shingo imeinama.
"Gia," akasema.
Nikabadilisha.