Dakika ya Kimya, Mpunguzi

Unaniuliza kamera gani.
Simu ya Ndahani, kioo kina ufa kona ya chini;
ufa haukulifikia jicho, tukasema inatosha.
Niulize upepo.

Mpunguzi mwezi wa nane upepo hauna adabu,
unaingia kwenye kinasa sauti bila hodi,
ukirudi nyumbani kusikiliza
mwigizaji kafungua mdomo, upepo ndio unaosema.
Tukaenda kwa mchinjaji kuomba ngozi ya kondoo,
kipande tu, hata cha mkia.
Tukakiosha, tukakianika juu ya bati siku mbili,
tukakivisha kinasa chetu cha elfu kumi na mbili
kikawa kama panya aliyeazima koti.
Upepo ukaja, ukatusalimia, ukapita.

Taa hatukuwa nayo. Jua lipo, halileti bili,
ila la saa saba liogope:
linachimba mashimo chini ya macho,
mtu mzuri anaonekana kama anadaiwa.
Mkalishe mlangoni, uso nje, mgongo gizani,
kisha mwombe mama Chiloleti sinia lake la pilau
alishike hivi, chini kidogo, hapo hapo,
shavu la pili nalo lipate riziki.

Kamera itembee? Mkokoteni wa maji,
madumu yameshushwa, mpigapicha kapanda.
Tairi tulizitoa upepo nusu ili zisirukeruke kwenye kokoto.
Huo ndio upepo pekee tuliowahi kuupunguza.

Programu ya kuhariri niliipakua bure,
kwa kifurushi cha usiku, saa nane hadi alfajiri.
Kompyuta ya kuazima ilikuwa inakohoa
kila nikigusa picha nzito.
Nikazitengenezea nakala nyepesi, nikakata hizo,
zile zenyewe nikazirudisha mwisho,
kama fundi cherehani anayepima gauni kwa gazeti
kabla hajatia mkasi kwenye kitenge cha watu.

Haya yote nilijifunza upesi.
Kilichonichelewesha ni kimya.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na matundu.
Mtu anasema, ananyamaza, na pale aliponyamaza
dunia nzima inakufa, kisha inafufuka na neno linalofuata.
Sikujua kwamba kimya nacho hurekodiwa,
kwamba cha jikoni si cha uwanjani,
na cha Mpunguzi hukipati Kondoa.

Mkabala na nyumba tuliyoazima
palikuwa na mashine ya kusaga ya Mbeleje.
Nikamwendea, unga hadi kwenye nyusi zake:
zima dakika moja tu.
Akasema, "Dakika yangu ina wateja saba."
Akawatazama wale saba na ndoo zao za uwele.
Mmoja akasema, "Zima, tupumzike masikio."
Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Ndahani akainua mkono.
Tukasimama, mtaa mzima, kama waliovunja kitu.
Nikasikia chuma kinapoa. Kuku.
Mtoto akiambiwa shii.
Majani ya mizabibu yakisuguana nyuma ya ua,
na Sechelela, aliyeuza zabibu zake mwezi wa tatu
na bado anaambiwa njoo Jumatatu,
akashusha pumzi, ndefu, hakujua inanaswa.

Sikuikata.
Iko chini ya kila kituo, dakika saba zote,
pumzi ya mtu asiyeonekana hata kwenye picha moja.

Tulionyesha ukutani kwa Mbeleje, juu ya shuka.
Ilipoisha akasimama, kiuno kimeshikwa:
"Na mimi niko wapi?"
Nikamwambia, uko pale wote wanaponyamaza.
Akataka irudiwe. Tukairudia.
Safari hii aliinamisha kichwa, hakutazama kabisa.
Kisha akasema, "Basi niandikeni."

Ukiipata, usiondoke kabla ya majina.
La mwisho kabisa, herufi ndogo:
Mashine: Mbeleje (imezimwa).