Kifo cha Kuazima

Tordiya alivunjika mguu katika shimo la viskacha
mwaka ule nzige walipokula hata pazia la jikoni.
Baba, Zalmen mchinjaji, akatoka na kisu chake kirefu,
akakipitisha kwenye ukucha wa kidole, mara kumi na mbili,
kama mtu asomaye barua asiyoiamini.
Pengo jembamba kuliko unywele lingetunyima nyama.
Halikuwapo.
Akasema baraka. Kisu kikaenda, kikarudi.

Kisha tumbo likapiga teke.

Eleuterio, jirani yetu mfuga farasi, akajipiga ishara ya msalaba.
Mama akaangusha beseni.
Baba akapasua taratibu, akazamisha mikono hadi viwikoni,
akamtoa ndama mzima, miezi yake tisa imetimia,
ameloa, anapumua,
sikio moja limejikunja mithili ya jani la kabichi.

"Perel, keti. Mpokee.
Asiguse ardhi."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Wakamlaza mapajani mwangu, mzito kama gunia la ngano iliyonyeshewa,
kwato zake laini bado, za manjano, zikining'inia
kiasi cha shubiri moja juu ya vumbi la Entre Rios.

Baba akanawa huku akieleza,
maana hakujua kunawa bila kufundisha:
kisu kilichopita shingoni mwa mama kimepita na kwake.
Huyu amekwisha kuchinjwa.
Anapumua, ndiyo, lakini sheria inamhesabu na ini, na figo,
kiungo cha mamaye kilichosahau kunyamaza.
Kumla hakuhitaji kisu kingine.
Mmoja wa wahenga alibisha; walio wengi wakamshinda.
"Ila akisimama juu ya ardhi akatembea,
mpita njia hatajua alikotoka.
Atasema, Zalmen anakula mzoga.
Kwa ajili ya macho ya mpita njia
wahenga wakaamuru: huyo naye achinjwe kivyake."

Mpita njia gani?
Kutoka kwetu hadi kwa Eleuterio ni saa nzima kwa farasi,
na Eleuterio alikuwa pale pale, kofia mkononi.

Wadogo zangu walikuwa wameshaleta sufuria.
Siwalaumu. Tulikuwa tumekula maboga kwa wiki sita.
Lakini moyo wa yule ndama uligonga goti langu,
haukugonga kama ini, haukugonga kama figo,
uligonga kama mgeni mwenye haraka.

Nikafungua magoti.

Alianguka kwa mdomo. Akainua matako kwanza,
akayumba, akasimama, kwato nne,
akatembea hatua tatu kuelekea kwa mama yake
akamnusa pale alipokuwa wazi.

Hakuna aliyesema neno.
Baba alinitazama muda mrefu. Nilingoja kofi.
"Basi," akasema, "sasa ana kifo chake mwenyewe,"
akafuta kisu, akakirudisha alani.

Usiku ule, akitia chumvi nyama ya Tordiya,
mama alizungumza na ubao wa chumvi, si na mimi:
"Nilikubeba tumboni siku tulipoukimbia mji,
barabara yote nyuma yetu ikiwa damu.
Ulizaliwa melini.
Sijui ulianza kuhesabiwa lini."

Tulimwita Sikio.
Baba alimtia alama, akaandika daftarini asili yake,
asije akachanganyika na wengine, maana hata uzao wake
ungezua maswali ambayo koloni letu halikuwa na rabi wa kuyajibu.
Miaka mitatu alikula majani, akavunja ua mara mbili,
akamwogopa kuku mmoja mweusi kwa sababu aliyoijua mwenyewe.

Kisha siku yake ikafika, yake tu.
Ukucha, mara kumi na mbili.
Baraka baba aliinong'ona; sikusikia kama aliimaliza.

Nilikula.
Nyama ilikuwa ngumu kidogo,
na mama, kwa mara ya kwanza, alizidisha chumvi.