Kugeuka

Saa nane usiku. Mvua ya Tukuyu juu ya bati
haina haja ya kupumua.
Nataka kugeuka.
Jambo dogo: mtoto wa miezi minne akigeuka
hupigiwa vigelegele.
Mimi nina miaka ishirini na tisa
na nimeshika ubao wa kitanda
kama mtu anayevuka mto Kiwira juu ya gogo.

Goti la kulia linatangulia,
la kushoto linagoma,
na hapo katikati, chini ya kitovu, chini kabisa,
mahali nisipojua kama pana kiungo,
mfupa unasaga mfupa,
bawaba kavu ya mlango wa stoo.

Ambakisye anakurupuka: "Uchungu?"
Hapana. Uchungu una siku yake,
una begi lake limefungwa pale chini ya meza.
Haya ni maumivu tu,
na maumivu tu hayaitiwi bodaboda.

Asubuhi mama yake akanisikia nikiguna.
"Huyu nilimbeba tumboni, tenga la chai mgongoni,
mpaka jioni ile ile aliyozaliwa."
Alisema hivyo ameketi ukingoni mwa kitanda,
akiingiza mguu mmoja kwenye sketi,
kisha, taratibu, wa pili.

Nesi Atuganile hakuniambia nivumilie.
Aligeuza kadi yangu ya kliniki,
akachora nyonga; ikatoka kama
ndizi mbili zilizogusana ncha.
"Hizi hapa ni kano. Kamba za kufungia mifupa.
Mwili unazilegeza, mtoto apate njia.
Zako zimekuwa na haraka."
Nikalia pale pale kwenye benchi.
Si kwa kuumwa.
Kwa sababu lilikuwa na jina.

Akanifundisha kugeuka, mtu mzima mimi:
bana magoti kama umeshika parachichi lililoiva,
usiliponde, usiliangushe;
mabega na nyonga viende safari moja.
Vaa umeketi. Panda mlima kwa hatua za kuku.
Ndoo mbili ndogo, mkono huu na huu,
si moja kubwa ya kukupindisha.
Khanga ikunje, ifunge chini ya tumbo,
nayo ibebe kidogo.
"Ukiona damu, au maumivu yakija na kukata,
yakija na kukata, usingoje kupambazuke."

Ambakisye akachukua jembe,
akachonga ngazi kwenye kijia cha kisimani.
Zikatoka za miguu yake.
Nikasimama juu, nikamtazama.
Hakuuliza. Kila moja akaigawa mbili.

Jioni mama mkwe akanikuta nimelala ubavu,
mto katikati ya magoti.
"Nani kakufundisha hivyo?"
Nikamweleza. Ndizi mbili. Kamba.
Alinyamaza, mpaka sufuria ya maharage
ikakauka maji, ikaanza kunukia.
Nami ndipo nikaona
nilichokuwa nakiangalia tangu niolewe:
mtelemko anaoushuka kiupande,
mfereji wa kanisani ambao sote tunauruka
na yeye anauzunguka hadi darajani,
sketi, kila asubuhi, ameketi.
Ambakisye ana miaka thelathini na minne.

"Umesema zinaitwaje?"
"Kano, mama."
"Kano," akasema, polepole,
kama anayehesabu chenji aliyorudishiwa
akiwa ameshasahau deni.
Akaondoka. Akarudi na mto wake wa sufi,
akautupa miguuni pangu.
"Mmoja hautoshi."

Saa nane. Mvua.
Parachichi liko mahali pake.
Nageuka. Bado inauma,
ila jana nilitaja jina la Mungu mara tatu,
leo moja.
Ng'ambo ya ukuta kitanda kinalia:
kuna mtu naye anageuka,
polepole,
mabega na nyonga
safari moja.