Nazi Mbili, Mbuyuni

Elirehema ndiye aliyemleta, nyuma ya bodaboda,
mama wa makamo, midomo imebabuka kwa theluji,
buti bado zina vumbi la mlimani.
"Mama Shufaa," anasema, hata injini hajazima,
"huyu nimemkuta anaingia kwa Massawe."

Kwa Massawe! Nikashika kichwa.
Kibao pale kimeandikwa KITIMOTO, basi,
na yeye kafungua kamusi ya simu, neno kwa neno:
kiti, cha kukalia; moto, wa kuota.
Baada ya siku sita za baridi na uji wa shayiri
nani asingeingia?
Mwana wa mzee wa kanisa akamdaka mlangoni,
akakoroma kama nguruwe katikati ya barabara
mpaka mgeni akaelewa.

Jina lake Yusnidar. Katoka Padang,
mji nilioujua dakika ile ile.
Akauliza kwa vidole: nani kachinja?
Nikamwonyesha Mzee Hemedi, buchani ng'ambo,
kofia imelowa jasho,
ambaye hata Walutheri wa Machame, harusi ikikaribia,
humfuata na gari akawachinjie
ili jirani yeyote asile kwa mashaka.
Akacheka. Akasema halal. Nikasema halali.
Irabu moja tu ilitutenganisha.

Basi tukaanza kuokota.
Yeye anatupa, mimi nadaka:
kabar, habari. Waktu, wakati. Sabun, sabuni.
Na alipoiona nyama kilo mbili juu ya mizani,
rezeki, akasema. Nikaitika: riziki,
kama watu waliochota kisima kimoja
bila kukutana kisimani.

Hakutaka wali wangu, wala mchuzi.
Alitaka jiko.
Nazi mbili za Tanga, zilizopanda na lori la usiku.
Mchaichai, ambao kwetu ni wa chai na mafua,
akauponda kwa mchi, akautupa ndani ya nyama!
Pilipili mpaka nikapiga chafya saba.
Kikakosekana kitu kimoja. Akakichora kwenye karatasi:
mzizi, kama tangawizi, lakini si tangawizi.
Soko zima la Mbuyuni
likaniuzia tangawizi.

Saa ya kwanza tui likachemka. Ya pili, likaanza kukauka.
Wateja wa ugali wanagonga sahani,
nyama inakuwa nyeusi, mafuta yanalia.
Nikashika sufuria niipue, mimi,
mpishi wa miaka kumi na tisa,
sijapata kumuunguzia mtu mboga.
Akanishika mkono. Sabar.
Hilo halikuhitaji kamusi.

Saa ya nne tukala, sisi watatu,
Elirehema sahani mbili, helmeti bado kichwani.
Yusnidar akatafuna tonge moja, macho kafumba,
muda mrefu, kama anayesikiliza
kama kuna mtu nyumba ya pili.
Kisha akasema: hampir.
Akalitafuta simuni, akanigeuzia kioo:

Karibu.

"Starehe," nikajibu, nikidhani ananikaribisha
jikoni kwangu, kwenye sufuria yangu.
Ni usiku, nikisugua ukoko, ndipo nilipoelewa:
haikuwa karibu ya mlangoni.
Ilikuwa karibu ya bado kidogo,
ya nyumba unayoiona taa yake ng'ambo ya korongo
na daraja limechukuliwa na mvua.

Alfajiri akaondoka. Karatasi nimeibandika ukutani,
ule mzizi umeshaota madoa ya mafuta.
Kila Jumanne, lori la Tanga likishusha,
naibandua, naenda nayo, nawaonyesha.
"Hii si tangawizi, mama?"

Karibu, nawaambia. Karibu.