Nakala Mbili

Oktoba niliandika kwa wino mwekundu
kwenye daftari la Skaistė:
"Mzazi asome na mtoto. Dakika ishirini. Kila jioni."
Nikapiga mstari chini ya *kila*,
mstari mnene, wa mtu anayelala kwake.

Daftari likarudi bila sahihi.
Likarudi tena, na duara la kikombe cha chai.
Wiki ya tatu nikavaa buti,
nikakata mitaa ya Panevėžys hadi ghorofa ya nne
nyuma ya kiwanda cha maziwa,
hotuba yangu nimeishika ulimini.

Aliyefungua ni bibi yake, Bronislava,
vidole vyekundu kwa bitiruti.
"Ingia kwanza, mwalimu.
Kusalimiana kizingitini ni nuksi."
Nikaingia. Hotuba ikabaki nje na buti.

Mama alikuwa amelala; usiku hugeuza jibini.
Ukutani, ramani ya Ulaya, zawadi ya duka la matairi,
imechomwa pini zenye vichwa vya buluu.
"Huyu hapa baba," akasema Skaistė,
akagusa pini ya Zaragoza.
"Juzi alikuwa Lyon. Amebeba vigae.
Ni kilomita mia nane, ukitoa za kupotea njia."

Na akazitoa.
Mtoto ambaye darasani kwangu
hajui kutoa kwa kukopa
alikopa, akarudisha, bila kalamu,
akaniambia baba atavuka mpaka saa ngapi
kama hawatamsimamisha kupima mzigo.

Mcheza kwao hutunzwa.
Mimi nilikuwa namtunza aliyecheza kwangu tu.

Jumatatu nikaomba ofisini nakala ya pili ya kitabu.
"Mtoto mmoja, kitabu kimoja," akasema mkuu, "ndiyo hesabu."
Nikamwambia hesabu hiyo haijawahi kupanda lori.
Akasaini, amenuna.
Nilipofika mlangoni akaniita:
"Wako wangapi wa namna hii?"
Kumi na mmoja. Mama yake Vakarė
anaogesha wazee wa watu huko Bremen.
Baba yake Jokūbas nilikuwa simjui hata jina.

Sasa kitabu kimoja kinakaa kwenye begi,
cha pili juu ya dashibodi,
kati ya risiti za mafuta na soksi moja.
Saa moja jioni, kwenye maegesho ya malori,
injini imezimwa, kioo kimeshika ukungu,
Vygantas anafungua ukurasa wa thelathini na nne.
Huku jikoni simu imeegemea chupa ya matango ya siki.
Aya ya baba, aya ya binti.
Neno likigoma, wanalisubiri.
Lori jingine likipita, baba anarudia sentensi.
Bronislava anajifanya anamenya viazi;
kisu kinasimama hewani mpaka sura iishe.

Si kila jioni.
Februari mtandao ulikatika siku tisa.
Kuna usiku baba alipitiwa na usingizi katikati ya mstari;
Skaistė hakukata simu.
Alimsomea hadi mwisho, kwa sauti ya chini,
akimsikia anavyokoroma Ufaransa.

Mama akirudi alfajiri hukuta karatasi kwenye friji:
neno moja gumu la jana, na maana yake.
Hulitia mfukoni. Usiku hulirudia
kwenye rafu za jibini, herufi kwa herufi,
hata msimamizi sasa analijua neno *upeo*.

Bado Skaistė husoma polepole.
Sitadanganya: mtihani wa Machi haukumpendelea.
Ila mkono wake siku hizi hupanda
kabla sijamaliza swali.

Ijumaa daftari limerudi.
Chini ya mstari wangu mnene, sahihi tatu zimebanana:
ya bibi, yenye alama nyekundu ya kidole;
ya mama, imelala upande kama mwenyewe;
na ya tatu, kwa mwandiko wa mtoto:
*Baba (kwa simu).*

Kalamu nilikuwa nayo mkononi.
Nikaifunika.